Dawa ya Ukaidi

Nchi ya Timamu imezungukwa na milima minne mirefu, na wenyeji wake hupenda kuamini kwamba milima hiyo iliinuliwa makusudi ili wazimu wa mataifa mengine usipate njia ya kuingia. Haijapata kutokea nchi iliyojivunia akili za watu wake kama hiyo. Watu wa Timamu hawaamkiani kwa kuulizana habari za nyumbani wala za afya. Wakikutana njiani, mmoja hugusa paji la uso wake kwa kidole na kuuliza, "Akili?" na mwenzake hugusa lake na kujibu, "Timamu." Mtoto hufundishwa jibu hilo kabla ya kufundishwa jina la babu yake, bwana arusi hutakiwa kulitamka mbele ya mashahidi kabla ya kukabidhiwa mkewe, na mtu akifa, jamaa zake hulitamka kwa niaba yake ukingoni mwa kaburi, asije akatiliwa shaka huko aendako.

Desturi hiyo ilizaliwa na Sheria ya Ukamilifu, iliyotungwa na Mfalme Adhama katika mwaka wa ishirini wa enzi yake. Sheria yenyewe ni fupi, nayo imechongwa juu ya lango la kila jengo la serikali: Kila mtu wa Timamu ana akili kamili, afanyaye fujo amekusudia, na anyamazaye amekaidi. Kabla yake, mji mkuu, uitwao Kauli, ulikuwa na nyumba kubwa ya mawe yenye jina la Liwazo, ambamo watu waliopotewa na akili walilazwa, wakalishwa, wakanyweshwa dawa na kusemeshwa kwa upole. Mfalme aliona ni fedheha kwa taifa kamili kuwa na nyumba kama hiyo, na fedheha kubwa zaidi wageni kuiona. Liwazo ikafungwa. Wagonjwa wake mia mbili na kumi walipewa kila mmoja hati ya ukamilifu yenye muhuri, wakaambiwa waende makwao, hata wale wasiokuwa na kwao. Nyumba ikabomolewa, mawe yakabebwa hadi upande wa pili wa mji, yakajenga ubavu mpya wa gereza la Kimyakuu. Kwa maana washauri wa mfalme, ambao hawakuwa wajinga katika kila jambo, walihisi kwamba nafasi itahitajika.

Miongoni mwa waliopoteza kazi siku ile alikuwa mwuguzi mmoja aitwaye Stahamili, mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini na mikono iliyozoea kushika watu wanaotetemeka. Alikuwa ametumika Liwazo miaka kumi na minane chini ya Tabibu Faraji. Tabibu huyo, kabla hajafa kwa majonzi mwaka ule ule, alimfundisha namna ya kuchemsha mzizi mchungu uitwao mrejeo, ambao ukinywewa kila asubuhi bila kukosa huwarudishia wengi utulivu wa akili. Serikali ilimpa Stahamili kazi nyingine, ulinzi wa wanawake katika gereza la Kimyakuu. Akavua vazi jeupe, akavaa la kijivu. Akaweka chini kikombe, maana dawa ya maradhi yasiyokuwapo ilikatazwa, akashika funguo.

Hakumaliza hata mwezi mmoja langoni kabla hajaletewa mwanamke aliyefungwa kamba mikononi, akamtambua. Alikuwa amemlisha uji kwa mkono wake miaka mitatu. Kosa lake lilikuwa kulala kizingitini mwa Hazina na kukataa kuondoka. Wiki iliyofuata aliletwa mwingine, ambaye alikuwa amehutubia sokoni kutwa nzima, akiwajibu watu ambao hakuna aliyewaona. Kisha akaja wa tatu, na wa kumi, na wa thelathini. Ndani ya miaka miwili Stahamili alikuwa amewapokea kwa funguo zaidi ya nusu ya wanawake aliowaaga kwa machozi pale Liwazo. Wengine waliingia wakiwa wazima kabisa, wezi wa kawaida na wagomvi wa kawaida, wakaugulia humo humo, kwa kiza na upweke na kelele za wenzao. Alijifunza kulijua gereza kwa masikio: palikuwa na kilio cha mtu aliyepigwa, na palikuwa na kilio kingine, kisicho na mwanzo wala sababu, na hiki cha pili ndicho kilichozidi.

Aliyemuuma moyo kuliko wote alikuwa msusi wa mikeka aliyeitwa Makiwa. Huyu alipatwa na maradhi mara ya kwanza alipojifungua binti yake. Akaletwa Liwazo, akanywa mrejeo miezi mitano, akapona, akawa anasuka ukili barazani huku mtoto amelala pajani. Liwazo ilipofungwa, dawa ikakatika, na maradhi yakarudi. Siku moja aliingia sokoni akavunja vyungu kumi na viwili vya mfinyanzi mmoja, akisema kwamba ndani yake mna sauti ya mwanawe anayezama. Adhabu ya kuvunja vyungu katika nchi ya Timamu ni siku arobaini. Lakini hapana mtu anayeweza kuhukumiwa kabla ya kuulizwa na hakimu, "Akili?" naye akajibu, na Makiwa hakujibu. Alisimama kizimbani akitazama vidole vyake. Akarudishwa gerezani hadi mwezi ujao, na ukaidi wake ukaandikwa. Mwezi uliofuata akaulizwa tena, akanyamaza tena. Hivyo ndivyo alivyokaa Kimyakuu miaka tisa kwa kosa la siku arobaini, akitolewa kila mwezi mara moja kuulizwa neno moja ambalo hakuwa na akili ya kulisikia, huku nywele zake zikishikamana kama sufu chafu na mikono yake, iliyokuwa na ustadi ule wote, ikivuta nyuzi za blanketi hadi blanketi likaisha.

Mwishoni mwa mwaka huo wa tisa Stahamili alimwendea mkuu wa gereza, Bwana Komeo, mtu mnene mwenye adabu, asiyependa ukatili wala usumbufu.

"Bwana Komeo," alisema, "naomba ruhusa nikaseme mbele ya Baraza la Uadilifu, siku ile watumishi wa serikali wanapoachiwa kusema."

"Useme nini, Bi Stahamili?"

"Niseme kwamba tumefunga wagonjwa."

Bwana Komeo aliinuka akafunga mlango. "Mimi na wewe tunajua tunachokijua," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi mwenyewe nina kaka yangu ubavu wa wanaume. Miaka sita sasa. Hupita mlangoni pake kila siku, naye hunitazama kama anavyoutazama ukuta. Lakini kujua ni jambo moja, na kusema ni jambo la pili. Ukisema kuna mgonjwa wa akili Timamu, utakuwa umesema mfalme alikosea."

"Labda alikosea."

"Sikukusikia," alisema Bwana Komeo. Lakini aliandika ruhusa.

Baraza la Uadilifu hukutana katika ukumbi wenye nguzo mia, na mwenyekiti wake zama hizo alikuwa Hakimu Katakauli, mzee mkavu, msomi, mwenye sifa ya kutokupokea hongo na ya kutokubadili neno akishalitamka. Stahamili alisimama mbele yake, na sauti yake ilikuwa ile ile ya chini.

"Muadhamu Hakimu," alisema, "katika kila chumba cha Kimyakuu chenye watu saba, yumo mmoja asiyejua yuko wapi, na mara nyingi wako wawili, na mbali na hao yumo mwingine ajuaye vizuri mno alipo, na kutwa anatafuta njia ya kufa. Watu hawa hawakukaidi. Ni wagonjwa."

"Umewauliza?" alisema Katakauli.

"Kuwauliza nini, Muadhamu?"

"Kama ni wagonjwa."

"Nimewauliza. Wengine husema hapana."

"Basi hao si wagonjwa, na ushahidi ni wao wenyewe."

"Wengine husema ndiyo."

"Mtu ajuaye kasoro ya akili yake ameijua kwa akili. Huyo naye ni mzima."

"Na wasiojibu?"

"Sheria imekwisha kuwataja. Wamekaidi."

Wazee wa Baraza walitikisa vichwa kwa ridhaa, kama watu wanaosikia kasida waliyoihifadhi tangu utotoni. Stahamili aliona kwamba katika ukumbi ule maneno yake hayakuwa na pa kukanyaga, akaamua kuacha maneno.

"Muadhamu," alisema, "nipe siku sitini na mtu mmoja. Yuko mwanamke aitwaye Makiwa, ambaye mmemwuliza mara mia moja na nane hajajibu. Nitamnywesha dawa ya Tabibu Faraji. Akija hapa akajibu, itakuwa dhahiri kwenu kwamba kilichomnyamazisha ni maradhi. Asipojibu, nifungeni mimi."

"Ni haki," alisema Hakimu. "Mpeni siku sitini."

Siku kumi za mwanzo Makiwa aliitema dawa. Stahamili aliketi naye sakafuni, akampa tone kwa tone, akimwimbia nyimbo za kunyonyesha, kwa kuwa hakujua nyimbo nyingine. Siku ya kumi na mbili alilala usingizi mzito, wa kwanza kuonekana tangu aingie. Siku ya ishirini alijishika kichwa, akashangaa nywele zake, akakubali zinyolewe. Siku ya thelathini na moja alimtazama Stahamili usoni na kusema, kwa sauti iliyopata kutu, "Mimi nakujua wewe."

"Ndiyo, mwanangu. Tulikuwa wote Liwazo."

"Yuko wapi mtoto? Ameamka?"

Stahamili alikuwa ameliogopa swali hilo kuliko Baraza zima. "Mwanao ana miaka kumi sasa, Makiwa," alisema.

Makiwa hakulia. Alitazama ukuta, akanyosha mkono polepole kutoka sakafuni, akipima kimo, akauinua zaidi, akasita, kama mtu anayejaribu kukisia mtoto wa miaka kumi hufika wapi. Kisha akauliza kama angeweza kupewa majani ya ukindu. Stahamili akamletea mzigo mzima, na tangu siku hiyo hadi siku ya sitini vidole vyake havikutulia, na mistari ya ukili ilitoka mikononi mwake imenyooka, nyekundu na nyeupe, hata askari wenzake Stahamili wakawa wanakuja kuchungulia.

Katika siku hizo Stahamili alikwenda kijiji cha Sitara, alikokuwa akiishi mama yake Makiwa, akamkuta bibi huyo anapepeta mchele uani na msichana mwembamba kando yake. Bibi alimpeleka mgeni pembeni, mbali na masikio ya mtoto.

"Binti yangu amekufa," alisema. "Hivyo ndivyo mtoto alivyoambiwa, na ndivyo kijiji kinavyojua. Angeambiwa vinginevyo, nani angemwoa? Nani angekaa naye darasani?"

"Amepona, bibi. Akili yake imerudi."

Bibi alishikilia ungo kwa mikono miwili. "Basi mwache kwanza atoke," alisema hatimaye. "Akitoka, nitajua la kumwambia mtoto."

Stahamili alirudi na nusu ya maneno hayo, ile nusu iliyo njema. "Mama yako anangoja utoke," alimwambia Makiwa; na hilo halikuwa uongo.

Siku ya sitini ukumbi wa nguzo mia ulijaa hadi milangoni. Makiwa aliingia akitembea mwenyewe, amevaa kanga safi, na kichwa chake kilichonyolewa kilimfanya aonekane msichana. Hakimu Katakauli aligusa paji la uso wake.

"Akili?"

Makiwa aligusa lake. "Timamu," alijibu.

Minong'ono ilipita ukumbini kama upepo katika mahindi. Stahamili, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alihisi machozi yakimshuka bila idhini yake, na kwa kitambo kifupi aliamini kwamba ukweli, ukionekana kwa macho, hutosha.

"Baraza limeona," alisema Hakimu Katakauli. "Mwanamke huyu alikuwa hajibu, na sasa anajibu. Je, Makiwa, wewe uliyesimama hapa ndiye yule uliyevunja vyungu kumi na viwili sokoni?"

"Nimeambiwa nilivivunja, Muadhamu. Mimi sikumbuki."

"Kuna Makiwa mwingine aliyevivunja?"

"Hapana, Muadhamu. Ni mimi."

"Na aliyesimama mahali hapo mara mia moja na nane akakataa kujibu, ni wewe?"

Makiwa aligeuka akamtazama Stahamili, kama mtu anayeuliza njia. "Ni mimi," alisema.

"Muadhamu," alisema Stahamili, "hakukataa. Hakuweza. Dawa imethibitisha."

"Dawa imethibitisha jambo moja tu," alijibu Katakauli, bila ukali wowote, kama mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi aliyekaribia kupata. "Imethibitisha kwamba ukaidi unatibika. Ungekuwa ni ukosefu wa akili, dawa ingempa akili aliyokosa. Lakini sheria inasema hapana aliyeikosa. Basi alikuwa nayo, na alichoondolewa ni ule ukaidi uliokuwa juu yake. Umelifanyia taifa hisani kubwa, Bi Stahamili, na Baraza halitakusahau." Kisha akamgeukia Makiwa. "Kwa vyungu, siku arobaini. Kwa kila ukaidi, mwezi mmoja. Jumla ni miaka tisa na siku arobaini."

"Lakini miaka tisa ameshaikaa," alisema Stahamili, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

"Ile ilikuwa kungoja," alisema Hakimu. "Adhabu huanza siku mtu anapoielewa. Leo ameielewa."

Na kweli alikuwa ameielewa. Kila mtu aliyekuwa karibu aliona namna ilivyomwingia, polepole, mpaka ndani.

Kabla ya mwezi kwisha ilitoka amri ya mfalme. Mizizi ya mrejeo ilimwe kwa gharama ya serikali. Wafungwa wote wasiojibu wanyweshwe kila asubuhi, kwa hiari au kwa nguvu, hadi watakapoweza kusimama na kuhukumiwa. Na Stahamili avikwe nishani ya shaba na kuitwa Mnyweshaji Mkuu wa Dawa ya Ukaidi. Alipewa wasaidizi wanane na sufuria kubwa. Alichokuwa amekiomba miaka yote, dawa kwa kila mgonjwa, kilikuwa mbele yake kinatoa mvuke, naye hakuweza kukitazama. Alitaka kuacha kazi. Lakini msaidizi wake wa kwanza, mwanamke kijana aitwaye Mazoea, aliwanywesha watu kwa kuwabana pua. Stahamili akaona kwamba akiondoka hakuna atakayebaki wa kutumia tone kwa tone, akabaki. Mmoja baada ya mwingine walizinduka, wakauliza habari za watoto na za waume, wakapelekwa kwenye ukumbi wa nguzo mia, wakarudi na miaka yao. Kaka yake Bwana Komeo alizinduka, akamtambua ndugu yake mlangoni na kumwita kwa jina la utotoni. Alihukumiwa miaka sita. Tangu siku hiyo Bwana Komeo hakupita tena mlango ule.

Makiwa aliendelea kunywa dawa yake miezi miwili baada ya hukumu. Mama yake alileta habari kwamba miaka tisa ni mingi, na kwamba mtoto ataachwa na lile alilokwisha kuambiwa. Asubuhi moja Stahamili alipofika na kikombe, alimkuta ameketi mgongo ukutani, ukindu umefungwa vizuri kando yake.

"Leo sinywi, Mama," alisema Makiwa.

"Unaumwa na tumbo?"

"Siumwi. Nimefikiri, ndiyo maana." Alikuwa mtulivu kabisa. "Miaka tisa ya kwanza sikuwamo humu. Sijui nilikuwa wapi, lakini humu sikuwamo. Hii ya pili wanataka niikae nikiwa macho, nikihesabu mwanangu anavyokua bila mimi. Ukinipa hicho kikombe unanifungia ndani pamoja na akili yangu."

"Maradhi yale ni mateso, Makiwa. Mimi nilikuona. Ulikuwa unajikwaruza hadi damu."

"Huenda. Sikumbuki. Haya ya sasa nayakumbuka."

Stahamili alichuchumaa mbele yake. Alitafuta katika miaka yake yote ya uuguzi neno la kumwambia mtu kama huyu, na kila neno alilolipata lilikuwa neno la nyumba ya Liwazo, iliyokuwa na mlango wa kutokea. "Hukumu imekwisha kutoka," alisema mwishowe. "Unywe usinywe, hakuna atakayeuliza tena. Sitakubana pua."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia wewe." Makiwa alimshika mkono. "Nina ombi moja tu. Nikishaondoka, uje mlangoni unisemeshe. Habari zozote, za mvua, za sokoni. Hata nisipojibu."

"Nitakuja."

Akili yake haikuondoka mara moja. Wiki ya kwanza ukili ulianza kulegea. Wiki ya tatu alisuka bila majani, vidole vikipishana hewani. Wiki ya tano alimwomba Stahamili awafukuze watu waliokuwa wakizama katika mtungi wa maji. Mwisho wa mwezi wa pili hakuwa anamwomba mtu neno.

Kila siku adhuhuri, akimaliza kazi ya sufuria, Stahamili huchukua kigoda chake na kuketi mbele ya mlango ule. Husema kwamba mvua ya vuli imechelewa, kwamba mwashi fulani ameoa mke wa pili na mtaa mzima unamcheka, kwamba embe za mwaka huu ni ndogo lakini tamu. Mazoea, aliyekuwa akipita na rundo la vikombe, alisimama siku moja kusikiliza. Alichungulia tunduni, akamwona mfungwa amejikunja pembeni, uso umeelekea ukutani.

"Bi Stahamili," aliuliza, "huyu anakusikia kweli?"

"Sijui."

"Sasa unasema na nani?"

"Aliniomba," alisema Stahamili, akageukia tena mlango, akaendelea na habari za embe.